Bamba la Kukinga Tumbo la Gari

Haya ni maneno ya somo kama yalivyosemwa katika redio. Msimamizi wa darasa ayasome kwa sauti pole pole, kisha wanafunzi wayasome wenyewe kwa zamu. Kabla ya kuanza, maneno haya yaandikwe ubaoni: sampu, chesisi, bamba, bolti, unene, uzito.

MWALIMU: Hamjambo, wasikilizaji wetu. Natumaini mmekwisha kukaa vizuri na chaki iko tayari. Leo tutazungumza juu ya gari, lakini si juu ya mwendo wake wala magurudumu yake. Tutazungumza juu ya tumbo lake, yaani ule upande wa chini ambao mwenye gari hautazami mpaka siku umeharibika. Pamoja nami yupo fundi ambaye kazi yake ya miaka mingi ni kutengeneza magari yanayokwenda porini. Karibu, Bwana Fundi.

FUNDI: Ahsante, Mwalimu. Hamjambo nyote.

MWALIMU: Niwaambie kwanza kwa nini tumelichagua somo hili. Viko vijiji vingi ambavyo gari la kuaminika ni moja tu. Pengine ni Land Cruiser ya zahanati, pengine ni pikapu ya chama cha ushirika. Gari hilo hilo hupeleka mahindi sokoni, huleta dawa, na usiku wa manane humchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa. Basi jiwe moja likipasua chuma kimoja chini ya gari hilo, hasara haimpati dereva peke yake. Na fedha za kununua injini nyingine ni fedha za mavuno ya watu wengi. Kuna kifaa cha kuzuia hasara hiyo. Mafundi wengi hukiita sampu gadi. Sisi leo tutakiita bamba la kinga. Bwana Fundi, tuanzie chini. Mtu akilala chali chini ya gari, huona nini?

FUNDI: Huona vumbi kwanza. Lakini akitazama vizuri, mbele ataona fimbo za steringi na sehemu ya chini ya rejeta. Nyuma yake ipo injini, na chini ya injini kuna kitu mfano wa sufuria. Hiyo ndiyo sampu. Gari likizimwa, karibu oili yote ya injini hushuka na kukaa humo. Nyuma ya injini ipo gia boksi, na magari ya porini yana boksi la pili linalogawa nguvu kwenda mbele na nyuma. Mbele zaidi kuelekea nyuma ya gari utaona tangi la mafuta. Bomba la moshi nalo hupita pembeni mpaka mwisho. Vitu vyote hivi vimeshikwa na mifupa miwili mirefu ya chuma, kulia na kushoto, ambayo imeunganishwa na vyuma vinavyokingama. Mifupa hiyo ndiyo chesisi.

MWALIMU: Andikeni neno hilo, chesisi. Sasa, katika vitu hivyo, kipi ndicho dhaifu?

FUNDI: Sampu. Sampu nyingine zimefinyangwa kwa bati la chuma, nyingine zimemiminwa kwa alumini. Ya alumini ikigongwa na jiwe hupasuka kama chungu. Ya chuma hubonyea, na watu husema, "Ah, imebonyea tu, haivuji." Hapo ndipo wanapodanganyika. Ndani ya sampu kuna bomba fupi lenye mdomo karibu na sakafu yake. Bomba hilo hufyonza oili na kuipeleka kwa pampu. Sampu ikibonyea mpaka ikaukaribia mdomo ule, oili haipandi vizuri. Nje huoni tone hata moja, lakini ndani injini ina kiu. Krenki na beringi zake zikikosa oili, husagana chuma kwa chuma, na baada ya muda mfupi sana injini hukwama.

MWALIMU: Muda mfupi ni kiasi gani?

FUNDI: Usihesabu saa, hesabu dakika, na dakika chache. Ndiyo maana kuna ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili. Ikiwaka wakati injini inazunguka, dereva hana ruhusa ya kufika kwenye kivuli wala kwenye duka. Azime pale pale.

MWALIMU: Tutarudi kwenye taa hiyo. Wasikilizaji wengine watasema, "Gari letu lilikuja na bamba kutoka kiwandani." Je, halitoshi?

FUNDI: Inategemea ni bamba gani. Mtu apige kwa kiganja. Magari mengi ya siku hizi yana kifuniko cha plastiki chini ya injini. Hicho kimewekwa kuzuia matope na maji yasirukie mikanda na nyaya, na kusaidia upepo upite vizuri. Jiwe hakilizuii. Magari mengine yana bamba la chuma jembamba mbele tu, chini ya rejeta. Hilo ni afadhali kuliko plastiki, lakini kwa njia ya mawe ni kama kwenda kuvuna asali umejifunga leso usoni.

MWALIMU: Na difu je? Kila dereva wa porini huogopa kugonga difu.

FUNDI: Swali zuri, maana hapa magari hayafanani. Kuna magari ambayo ekseli ya mbele ni nzima, yaani chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu imo ndani yake. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambazo zahanati nyingi hutumia, ziko hivyo. Na Land Rover ilikuwa hivyo tangu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 mpaka Defender ya mtindo wa zamani ilipoacha kutengenezwa mwaka 2016. Gurudumu likipanda jiwe, ekseli hupanda pamoja nalo, na difu pia. Huwezi kuifunika kwa bamba lililofungwa kwenye chesisi, kwa sababu difu inacheza juu na chini na itapigana nalo. Difu ya namna hiyo ina ganda gumu. Ikihitaji kinga, hupewa kikofia chake chenyewe kinachofungwa juu ya ganda lile lile. Lakini Prado, na Hilux za siku hizi zenye kuendesha magurudumu manne, kila gurudumu la mbele hucheza peke yake, na difu ya mbele imeshikwa pamoja na chesisi. Hapo bamba la mbele lazima lifunike difu na sampu zote mbili. Kwa hiyo, usinunue bamba kwa sababu tu jirani yako analo. Taja gari lako, mfululizo wake, na aina ya injini.

MWALIMU: Sasa tufike sokoni. Nimesikia kuna bamba la chuma na bamba la alumini. Lipi ni bora?

FUNDI: Chuma ni kizito na hushika kutu. Lakini juu ya mwamba huteleza vizuri. Kikikunjika, fundi yeyote mwenye nyundo na moto hukinyoosha, na ukitaka kuchomelea kiraka, mashine ipo kila mji mdogo. Alumini ni nyepesi. Kwa ukubwa ule ule na unene ule ule, uzito wake ni karibu theluthi moja ya chuma. Haishiki kutu kama chuma. Ila ni laini. Ikipita juu ya jiwe lenye ncha huchimbika, na jiwe huikamata badala ya kuiachia. Kuchomelea alumini ni kazi ya fundi maalumu, nao si wengi huku kwetu. Kwa gari la kijiji mimi nachagua chuma. Alumini ni kwa mtu ambaye gari lake limekwisha jaa mizigo na anahesabu kila kilo.

MWALIMU: Na pwani, penye chumvi?

FUNDI: Pwani watu husema alumini ndiyo dawa. Ni kweli nusu. Bamba la alumini likifungwa kwa bolti za chuma tupu, na maji ya chumvi yakaingia katikati, alumini huanza kuliwa mahali pale pale inapogusana na chuma. Baada ya muda tundu la bolti huwa pana, na bamba hucheza. Dawa yake ni kuweka washa ya plastiki kati ya metali hizo mbili, na kutia grisi kwenye bolti. Bamba la chuma nalo pwani lipakwe rangi kila mwaka, ndani na nje. Watu hupaka nje tu, panapoonekana. Kutu huanzia ndani.

MWALIMU: Sasa unene. Hapa nataka wanafunzi watumie kalamu zao.

FUNDI: Kwa bamba la chuma, unene wa milimita 3 mpaka 4 wafaa kwa gari la kawaida la porini. Kwa alumini, milimita 5 au 6. Msiidharau milimita moja. Bamba la chuma la milimita 4 halipindi mara mbili tu zaidi ya lile la milimita 2. Ugumu wake wa kupinda ni mara nane. Na la milimita 3 ni gumu mara tatu na zaidi kuliko la milimita 2. Muuzaji akikupunja milimita moja, amekupunja kinga yenyewe.

MWALIMU: Lakini mtu aliyekwisha kupakwa rangi bamba lake, na kingo zimekunjwa, atajuaje unene wake? Si kila mtu ana kipimo cha fundi.

FUNDI: Mizani ya mahindi ipo kila soko. Chukua mizani.

MWALIMU: Sikilizeni vizuri hapa, kwa maana hesabu hii ni rahisi na italinda fedha zenu. Bamba la chuma lenye urefu wa mita 1 na upana wa mita 1, na unene wa milimita 1, lina uzito wa karibu kilo 8. Andikeni: mita moja ya mraba, milimita moja, kilo 8. Alumini ya kipimo hicho hicho haifiki kilo 3. Sasa tuseme mwuzaji ana bamba la chuma lenye urefu wa sentimita 80 na upana wa sentimita 60. Kipimo cha kamba kifuate mikunjo ya kingo, kisikate njia. Sentimita 80 mara sentimita 60 ni karibu nusu ya mita ya mraba. Nusu ya kilo 8 ni kilo 4. Kwa hiyo kila milimita ya unene wa bamba hili ina uzito wa karibu kilo 4. Likiwa la milimita 3, uzito wake utakuwa kiasi cha kilo 11 au 12. Mwuzaji anasema ni la milimita 3. Mnaliweka kwenye mizani, mizani inasema kilo 7 na nusu. Bamba hilo ni la unene gani? Darasa lingojee kidogo, kila mtu aandike jibu lake.

(Hapa redio ilinyamaza kwa muda wa dakika moja.)

MWALIMU: Ni la milimita 2. Kilo 7 na nusu haziwezi kuwa milimita 3. Hakuna haja ya kugombana na mwuzaji. Mizani imekwisha sema. Bwana Fundi, na kama mtu hajui ni chuma au ni alumini iliyopakwa rangi?

FUNDI: Sumaku. Hata ile ya spika mbovu ya redio. Ikinata ni chuma. Alumini haishiki sumaku. Fanyeni hivyo kwanza kabla ya mizani, kwa sababu alumini ya milimita 6 na chuma cha milimita 2 kwa ukubwa ule ule vina uzito karibu sawa. Asiyetumia sumaku atachanganyikiwa.

MWALIMU: Baada ya unene, umbo.

FUNDI: Umbo ni jambo kubwa, na wengi hulisahau. Tazameni ngalawa inavyopanda wimbi. Omo yake imeinuka. Bamba la kinga nalo mbele liinuke hivyo, ili likikutana na kisiki au jiwe, gari lipande juu yake na kuteleza. Bamba bapa lisiloinuka mbele ni jembe, litalima. Ukingo wa nyuma nao uinuke kidogo, kwa sababu kuna siku utarudi nyuma kutoka kwenye korongo, na ukingo ulionyooka utashika udongo na kung'oa bolti.

MWALIMU: Na kama mabamba ni zaidi ya moja?

FUNDI: Fikirini paa la mabati. Bati la juu hulala juu ya bati la chini, ili maji yanayoteremka yasipate mlango. Hapa maji ni mawe, nayo hutoka mbele kwenda nyuma. Kwa hiyo mkia wa bamba la mbele upite chini ya kichwa cha bamba linalofuata. Ukigeuza, kila jiwe litaingia katikati ya mabamba mawili. Nimeona gari lililofungwa kinyume. Bamba la pili lilikunjika kama karatasi, likabana bomba la moshi, na dereva akadhani injini imekosa nguvu.

MWALIMU: Bamba liwe zima kabisa, au liwe na matundu?

FUNDI: Liwe na matundu, lakini yenye sababu. Tundu moja liwe chini ya kizibo cha kumwagia oili, na jingine penye chujio, kama chujio liko chini. Bamba lisilo na tundu la oili huwafanya watu wachelewe kubadili oili, kwa sababu ya uvivu wa kulifungua, nayo injini hufa kwa kosa la kile kilichowekwa kuilinda. Tena feni husukuma hewa ya moto kupita rejeta, na hewa ile hutoka kwa chini. Ukifunga chini yote kama kabati, injini hupata joto. Matundu marefu membamba yanatosha. Yasiwe mapana kiasi cha kuingiza jiwe la ukubwa wa ngumi.

MWALIMU: Tumekwisha nunua. Sasa kufunga. Nitaomba uende pole pole, maana hapa watu huumia.

FUNDI: Na hufa. Gari lisimame mahali tambarare, pagumu. Gia iingie, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yawekewe kabari. Ukiliinua kwa jeki, usiingie chini mpaka umeweka stendi za chuma chini ya chesisi au ekseli. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Na tofali la saruji si stendi. Tofali hupasuka bila kutoa sauti ya kuonya. Magari mengi ya porini yako juu ya kutosha, unaweza kufunga bamba bila kuinua gari hata kidogo. Fanyeni hivyo mkiweza. Watu wawe wawili, mmoja ashike na mmoja afunge, maana kilo 12 juu ya uso wa mtu aliyelala chali si kitu kidogo. Na mvae miwani. Kutu na mchanga huanguka machoni.

MWALIMU: Bamba lishikwe wapi?

FUNDI: Kwenye chesisi na kwenye vyuma vyake vinavyokingama. Hapo tu. Lisifungwe kwenye injini wala kwenye gia boksi. Injini imekaa juu ya mipira, nayo hutikisika na kucheza. Ukiunganisha injini na chesisi kwa bamba, kitu kimoja kitapasuka, na mara nyingi ni sikio la sampu au la gia boksi. Tena jiwe likilipiga bamba, nguvu yote itakwenda kwenye kile ulichotaka kukilinda. Kati ya bamba na sampu pabaki nafasi, kiasi cha sentimita 2 au 3, upana wa vidole viwili. Bamba zuri nalo hupinda kidogo likipigwa. Likipinda, lisifike kwenye sampu.

MWALIMU: Je, fundi anaweza kutoboa matundu mapya kwenye chesisi?

FUNDI: Kwanza atafute matundu yaliyopo. Kiwanda huacha mengi, na mengine yana nyuzi tayari chini ya matope. Asafishe kwa burashi ya waya na kutia mafuta kabla ya kuingiza bolti. Ikibidi kutoboa, asitoboe ukingo wa juu wala wa chini wa boriti ya chesisi. Mzigo wote wa gari huvuta na kubana kwenye kingo hizo, na tundu dogo huwa mwanzo wa ufa. Ubavuni, katikati ya kimo chake, ni afadhali. Bora zaidi ni kutengeneza kishikio kinachobana chesisi bila kutoboa. Kuchomelea sikupendi. Ikiwa hakuna njia nyingine, betri ifunguliwe kwanza, maana magari ya siku hizi yana vifaa vya umeme vinavyokufa kwa moto wa mashine ya kuchomelea. Na asithubutu mtu kuchomelea karibu na tangi au mabomba ya mafuta.

MWALIMU: Bolti gani?

FUNDI: Tazameni kichwa cha bolti. Bolti nzuri imepigwa chapa ya tarakimu. Mnaojifunza kusoma, hapa kusoma kunalipa. Tafuteni 8.8. Iwe ya milimita 8 kwa bamba dogo, na milimita 10 kwa bamba kubwa. Bolti isiyo na tarakimu ni ya kufungia kitanda. Kichwa cha bolti kisining'inie chini kama jino. Jiwe litakikata, au litakisaga mpaka spana isishike tena. Mabamba mazuri yana vikombe vidogo vilivyodidimizwa, na kichwa hukaa ndani yake. Kama bamba lenu halina, tumieni bolti zenye kichwa cha mviringo, au chomeleeni pete ya chuma kuzunguka tundu, kabla bamba halijafungwa kwenye gari.

MWALIMU: Zikazwe kwa utaratibu gani?

FUNDI: Ziingizwe zote kwa vidole kwanza, bila kukaza hata moja. Ukikaza ya kwanza mpaka mwisho, ya nne haitaona tundu lake. Zikiisha kuingia zote, kazeni kwa kupishana, mbele kulia, nyuma kushoto, kama mnavyokaza nati za gurudumu. Tumieni nati zenye pete ya plastiki ndani, hazilegei kwa mtikisiko. Lakini karibu na bomba la moshi plastiki hiyo hulainika kwa joto, hapo wekeni nati ya chuma ya kujikaza. Bolti zinazoingia kwenye nyuzi za chesisi zitiwe grisi kidogo, la sivyo siku ya kuzifungua mtahitaji tindo. Kisha washeni injini, ingizeni gia, pandisheni gari juu ya tuta na kugeuza steringi mpaka mwisho pande zote mbili. Kama kuna kitu kinagusa bamba, mtakisikia. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbaya, kazeni bolti zote tena. Nyingi zitakubali robo mzunguko.

MWALIMU: Kwa hiyo tukifunga bamba tumemaliza.

FUNDI: La, Mwalimu. Bamba lina ubaya wake, nao usipoujua ni bora ungebaki bila bamba. La kwanza, huficha habari. Zamani oili ikivuja, asubuhi uliona doa chini ya gari. Sasa doa hukaa juu ya bamba, na hulioni. Kwa hiyo pimeni oili kwa ile fimbo yake kila asubuhi, na mara kwa mara mpitishe kidole na kitambaa ndani ya tundu. La pili, na hili ni kubwa zaidi, ni majani makavu. Wakati wa kiangazi gari likipita kwenye nyasi ndefu, majani na mbegu hujikusanya juu ya bamba, karibu na bomba la moshi lenye joto kali. Majani makavu, oili iliyovuja, na joto. Mnajua kitakachofuata. Gari huungua lote, na pori pamoja nalo. Katika nyasi, dereva asimame mara kwa mara, alale chini, atoe majani kwa fimbo au waya. Ahakikishe pia kizima moto kiko mahali mkono unapofika, si chini ya magunia.

MWALIMU: Na masika?

FUNDI: Matope hujaa ndani. Bamba lililojaa matope laweza kuongeza uzito mwingi, na matope yakikauka huzuia hewa. Osheni kwa maji, mkipitisha kwenye matundu. Kwa kweli mtu anayeishi mbuga ya udongo mweusi, pasipo jiwe wala kisiki, mimi simshauri atumie fedha zake kwa mabamba matatu. La mbele moja latosha. Zilizobaki anunue matairi. Lakini anayepita mawe ya volkeno karibu na Ziwa Natron, au visiki vya miombo huko Tabora ambako miti imekatwa na shina kuachwa kimo cha goti ndani ya majani, huyo afunike injini, gia boksi na tangi. Madereva wa mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953, wamefunga mabamba ya namna hii hata kwenye magari madogo, kwa sababu njia zetu hazikuwabembeleza. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, magari yalikuwa na mitambo ya ajabu ya umeme, lakini chini yake bado palikuwa na bamba.

MWALIMU: Tumebakiwa na dakika chache, na nilisema tutarudi kwenye taa nyekundu. Tuseme gari halina bamba, au bamba limeshindwa. Ni usiku, mgonjwa yumo ndani, taa ya kopo la oili imewaka.

FUNDI: Dereva azime injini hapo hapo. Avute breki ya mkono, amulike chini. Kama oili inachuruzika kwa ufa mdogo, akinge chombo safi, maana oili ile ataihitaji tena. Apanguse ufa mpaka ukauke. Kama ana ile gundi ya chuma ya mirija miwili inayochanganywa, ndiyo dawa bora, ila aipe muda wa kukauka kama ilivyoandikwa. Asisome haraka haraka. Kama hana, sabuni ya mche ikandwe na kushindiliwa ndani ya ufa. Kwa tangi la mafuta sabuni hushika vizuri, na wazee wameitumia miaka mingi. Kwa sampu yenye oili ya moto haidumu, ni ya kumfikisha mtu karibu tu. Kisha arudishe oili, apime kwa fimbo, awashe na kutazama taa. Ikizimika aende pole pole, akisimama kila baada ya kilomita chache kutazama. Isipozimika, hakuna kuendelea. Atafute simu, pikipiki, au mkokoteni. Mgonjwa atatangulia kwa chombo kingine. Kulazimisha injini bila oili hakumfikishi mgonjwa; atabaki njiani kilomita mbili mbele, na kijiji hakitakuwa na gari tena mwezi mzima.

MWALIMU: Ahsante sana, Bwana Fundi. Hii hapa hesabu ya darasa kwa juma hili. Bamba la chuma lina urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 70. Mwuzaji anasema unene wake ni milimita 4. Sumaku imenata. Mizani inasema kilo 16 na nusu. Je, chama kilinunue kwa bei ya milimita 4? Andikeni jibu pamoja na hesabu yake, na msimamizi wa darasa atalisoma mwanzo wa somo lijalo. Kwaherini.